Mwalimu anauliza: takwimu za mazingira zikileta habari njema, niwaonyeshe wanafunzi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa jiografia shule ya sekondari. Wanafunzi wangu wamekata tamaa. Mmoja ameniuliza kuna haja gani ya kusoma ilhali dunia inaungua. Nimewakusanyia grafu nne za kuwatia moyo: bei ya umeme wa jua imeporomoka, tundu la ozoni linaziba, hewa ukaa kwa kila mtu duniani imeanza kushuka, na ukataji wa misitu umepungua. Mwenzangu wa biolojia ameziona, akasema ninawaimbia watoto bembelezi walale. Yeye huwafundisha kwamba asilimia 73 ya wanyamapori wametoweka tangu 1970. Sote tunanukuu vyanzo vinavyoheshimika. Nani anakosea? Na ile grafu ya misitu, ambayo ndiyo aliyoishambulia zaidi, niitoe?

JIBU: Mwalimu, nianze na linalokukera: hudanganyi. Grafu zako zote nne zinatokana na vipimo vya kweli, na ningekuwa darasani kwako ningezitumia. Mwenzako naye si mwongo, ingawa ile asilimia 73 ameisoma visivyo, na nitaifikia. Shida ni kwamba grafu inaeleza yaliyokwisha kutokea, na mwanafunzi wako ameuliza yatakayotokea. Kutoka hapa hadi kule kuna daraja la kujenga, na nyote wawili mmeruka mto.

Tuanze na ozoni, kwa kuwa ndiyo grafu yako imara kuliko zote. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba gesi za klorofluorokaboni, zilizokuwa zikitumika kwenye majokofu na makopo ya kupulizia, zikifika juu angani huvunjwa na mionzi ya jua na kuachia klorini inayokula ozoni. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza wakatangaza kwamba tabaka limepungua mno juu ya Antaktika. Miaka miwili baadaye, 1987, Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kuachana na gesi hizo, ikatiwa saini. Leo karibu asilimia 99 ya kemikali zilizopigwa marufuku zimeondolewa, na tathmini ya kisayansi ya 2022 inakadiria kwamba ozoni itarudi katika hali ya 1980 kufikia takriban 2040 katika sehemu kubwa ya dunia, 2045 juu ya Aktiki, na 2066 juu ya Antaktika.

Ni habari njema kweli kweli. Lakini itazame hiyo miaka tena. Bomba limefungwa karibu lote, na bado uponyaji unachukua zaidi ya nusu karne, kwa sababu gesi zilizokwisha kutoka hukaa angani miongo mingi. Kisha mwaka 2018 watafiti wakaona jambo la ajabu: mojawapo ya gesi hizo, CFC-11, ilikuwa ikipungua angani polepole kuliko ilivyopaswa. Mahali fulani mtu alikuwa anaizalisha upya. Sehemu kubwa ya uzalishaji huo ilifuatiliwa hadi mashariki mwa China, hatua zikachukuliwa, na kiwango kikashuka tena. Nadhani hiki ndicho kipande cha hadithi ya ozoni kinachofaa darasani kuliko vyote, na ndicho kinachoachwa. Bila vituo vya kupima hewa vilivyoendelea kulipiwa gharama miaka thelathini baada ya watu kushangilia ushindi, mstari wako ungekuwa umepinda na hakuna ambaye angejua.

Umeme wa jua una hadithi tofauti, na hapa lazima niseme waziwazi kwamba waliokosea zaidi ni wenye kukata tamaa. Gharama ya umeme unaotoka kwenye mitambo mikubwa ya jua ilishuka kwa takriban asilimia 90 kati ya 2010 na 2023. Si bahati. Kwa miongo kadhaa, kila mara jumla ya paneli zilizowahi kutengenezwa duniani ilipoongezeka maradufu, bei ilishuka kwa karibu moja ya tano. Viwanda hujifunza: vipande bapa vya silikoni vinavyounda paneli vinakatwa vyembamba zaidi, taka zinapungua, mashine zinakuwa kubwa. Betri za lithiamu zimefuata njia hiyohiyo. Makadirio rasmi ya mashirika ya nishati yalidharau ukuaji wa sola mwaka baada ya mwaka, yakichora mstari bapa pale ambapo ukweli ulikuwa unapaa. Mwaka 2024 vyanzo visivyotoa kaboni, yaani maji, upepo, jua, nyuklia na vinginevyo, vilitoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme wote wa dunia.

Wa umeme, nimesema. Umeme ni kama moja ya tano tu ya nishati inayomfikia mtumiaji wa mwisho. Sehemu iliyobaki ni mafuta ya magari, meli na ndege, joto la tanuri za chuma na saruji, gesi ya kupashia nyumba. Ukichukua nishati yote kwa pamoja, makaa ya mawe, mafuta na gesi bado ni karibu asilimia 80. Kwa hiyo mtu anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba mapinduzi ya nishati yanakwenda kasi kuliko yeyote alivyotabiri, na mwenzake akasema kwa haki ileile kwamba hayajagusa sehemu kubwa ya tatizo. Wanaweza kubishana usiku kucha, kila mmoja na takwimu zake safi, kwa kuwa mmoja anahesabu asilimia ya umeme na mwingine asilimia ya nishati.

Kuna dau moja la zamani ambalo lingewafaa wanafunzi wako kuliko grafu zote nne, maana linaonyesha mchezo huu ukichezwa na watu wenye akili nyingi. Mwaka 1980 mchumi Julian Simon alimtaka mwanabiolojia Paul Ehrlich, aliyekuwa akitabiri uhaba mkubwa kwa sababu ya ongezeko la watu, aweke fedha mezani. Ehrlich na wenzake wawili walichagua metali tano: shaba, kromi, nikeli, bati na tungsteni, za dola 200 kila moja kwa bei ya siku hiyo. Kama baada ya miaka kumi bei, ukiondoa mfumuko, itakuwa imepanda, Simon atalipa tofauti. Ikishuka, Ehrlich atalipa. Katika muongo huo idadi ya watu duniani iliongezeka kwa karibu milioni 800. Hata hivyo bei ya kapu zima ilishuka zaidi ya nusu, na Oktoba 1990 Ehrlich akatuma hundi ya dola 576.07.

Watu wenye matumaini hupenda kuishia hapo. Nami ningeishia hapo kama hadithi ingekuwa imekwisha.

Wachambuzi walioirudia hesabu hiyo kwa miongo mingine ya karne ya 20 walikuta kwamba kama dau lingeanza mwaka tofauti, Ehrlich angeshinda mara nyingi zaidi kuliko kushindwa. Simon alikuwa na hoja nzuri, ila muongo nao ulimpendelea. Lakini lililo kubwa zaidi ni lililotokea 1995. Ehrlich, safari hii akiwa na mtaalamu wa tabianchi Stephen Schneider, alimpelekea Simon orodha ya madau mapya 15. Hayakuhusu bei ya shaba. Yalihusu mambo kama wastani wa joto la dunia, kiasi cha hewa ukaa angani, na hali ya misitu, udongo na samaki. Simon akakataa. Hoja yake ilikuwa kwamba vipimo hivyo havipimi moja kwa moja ustawi wa mwanadamu, na ustawi ndio aliokuwa tayari kuuwekea dau.

Ukimsikiliza vizuri, utaona kwamba ubishi wao haukuwa juu ya nani ana takwimu sahihi. Simon alikuwa akitazama vitu vyenye bei na mwenyewe: metali, chakula, umri wa kuishi. Shaba ikiadimika, bei hupanda, mtu huchimba kwingine, au hubadilisha waya wa shaba kwa nyuzi za kioo. Kuna anayepoteza fedha, kwa hiyo kuna anayehangaika. Ehrlich katika dau la pili alihamia kwenye vitu visivyo na bei wala mwenyewe. Anga ikijaa hewa ukaa, hakuna duka linalopandisha bei. Kwa hiyo, mtu akinionyesha grafu inayopendeza, jambo la kwanza ninalotafuta ni kama kuna mtu anayeumia mfukoni mambo yakienda kombo. Akiwepo, nina matumaini zaidi. Asipokuwepo, nataka kuona sheria au mkataba unaofanya kazi ya bei. Visipokuwepo vyote viwili, sioni kinachoushikilia mstari huo.

Sasa grafu yako ya tatu, ya hewa ukaa kwa kila mtu. Hii ndiyo ningekuomba uiangalie kwa jicho kali, ingawa kila namba ndani yake ni sahihi. Utoaji wa hewa ukaa kwa kila mtu ulifika kilele karibu mwaka 2012, ukikaribia tani 5, na tangu hapo umeshuka kidogo. Lakini anga haigawanyi kwa idadi ya watu. Mwaka 2012 tulikuwa zaidi kidogo ya bilioni 7. Mwaka 2024 tulizidi bilioni 8. Utoaji wa jumla kutokana na makaa, mafuta, gesi na saruji, ambao mwaka 1990 ulikuwa chini ya tani bilioni 23, mwaka 2024 ulipita tani bilioni 37. Kipimo cha kila mtu kinafaa sana ukitaka kujadili haki, yaani nani anatoa kiasi gani na nani anafaa kupunguza kwanza. Ukitaka kujua joto litafika wapi, hakifai.

Na hata tungechukua grafu ya jumla, bado kuna jambo zito zaidi. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na sijapata maelezo mazuri zaidi ya tabianchi. Utoaji wa kila mwaka ni ile haba. Joto la dunia linafuata kibaba, yaani jumla ya yote yaliyomiminwa tangu viwanda vilipoanza. Karibu nusu ya hewa ukaa tunayotoa hubaki angani, na sehemu yake hukaa karne nyingi. Haba ikipungua kutoka 37 hadi 30, huo ni ushindi wa kihistoria, na kibaba kinaendelea kujaa. Haba ikibaki palepale, ambayo watu wengi wanaisikia kama "hali imetulia", kibaba kinajaa kwa kasi ileile. Joto litaacha kupanda pale tu haba itakapokaribia sifuri.

Ndiyo maana kuna grafu moja ambayo haijawahi kupinda kutupendelea. Charles David Keeling alianza kupima hewa ukaa juu ya mlima Mauna Loa huko Hawaii mwaka 1958, akapata takriban sehemu 315 kwa milioni. Kabla ya viwanda zilikuwa kama 280. Sasa zimepita 420. Katika miaka ya 1960 zilikuwa zikiongezeka kwa karibu sehemu 0.8 kwa mwaka. Katika muongo wa 2011 hadi 2020 ongezeko lilikuwa karibu 2.4, na kutoka 2023 hadi 2024 liliruka kwa 3.5, ongezeko kubwa kuliko yote tangu vipimo vya kisasa vianze. Mkataba wa Paris wa tabianchi, paneli za sola, magari ya umeme, vyote vimo ndani ya kipindi hicho.

Je, basi havikufanya kitu? Vimefanya. Kabla ya Paris, mwaka 2015, makadirio mengi ya joto la mwisho wa karne yalikuwa karibu nyuzi 4 juu ya kiwango cha kabla ya viwanda. Kwa sera za leo yanaangukia karibu na 2.5 hadi 3. Tofauti hiyo ni mamilioni ya maisha, na yeyote anayesema hakuna kilichobadilika anawatukana waliofanya kazi. Lakini 2.5 hadi 3 si mahali pa kutamani kufika. Mwaka 2024 peke yake ulikwisha kupita 1.5.

Utasikia pia hoja ya nchi zilizopunguza hewa chafu huku uchumi ukikua. Ni kweli zipo. Uingereza imepunguza kwa karibu nusu tangu 1990, na tarehe 30 Septemba 2024 ilizima kituo chake cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe. Sehemu ya upungufu huo ni viwanda vilivyohamia ng'ambo, lakini hata ukihesabu bidhaa zinazoagizwa kutoka nje bado kuna kushuka, ila kudogo zaidi. Swali la kuuliza ni kasi. Utafiti wa Jefim Vogel na Jason Hickel wa 2023 ulichukua nchi tajiri 11 zilizofanikiwa kutenganisha ukuaji na hewa ukaa, ukahesabu kwamba kwa mwendo wao wa 2013 hadi 2019 zingehitaji kwa wastani zaidi ya miaka 220 kupunguza kwa asilimia 95. Mtu anaweza kuipinga hesabu hiyo, kwa maana mwendo unaweza kuongezeka, na sola inatufundisha kwamba huongezeka kwa kushtukiza. Mimi mwenyewe nadhani itakuwa chini ya hapo. Hata hivyo, mstari kuelekea chini ni jambo moja, na kufika kwa wakati ni jingine. Na huko kwenye mali ghafi kwa jumla, mchanga, madini, mbao, mazao na mafuta, hakuna hata dalili ya kupinda: dunia ilichimba na kuvuna takriban tani bilioni 30 mwaka 1970, na sasa zinazidi bilioni 100.

Nimfikie mwenzako wa biolojia, maana haki ni haki. Asilimia 73 inatoka kwenye kipimo kinachochapishwa na WWF, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, kinachofuatilia karibu makundi 35,000 ya wanyama wenye uti wa mgongo kati ya 1970 na 2020. Hakisemi kwamba asilimia 73 ya wanyama wamekufa. Kinasema kwamba wastani wa mabadiliko ya makundi hayo ni kushuka kwa asilimia 73, na wastani huo unachukuliwa kwa namna inayolipa kundi dogo uzito sawa na kubwa. Mpe hesabu hii aifanye ubaoni. Kuna makundi mawili ya ndege. Moja lilikuwa na ndege 10, akabaki 1. La pili lilikuwa na 1,000, na bado ni 1,000. Kwa jumla ndege 9 wamekufa kati ya 1,010, chini ya asilimia moja. Lakini wastani wa namna ile utasema makundi yameshuka kwa karibu asilimia 68. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba, katika data za wakati huo, ukiondoa makundi chini ya asilimia 3, yale yanayoporomoka vibaya zaidi, mstari mzima unaacha kushuka.

Asije akafurahi mtu kwa hilo. Hayo makundi machache yanayoporomoka ni maangamizi halisi, na mengine hayatarudi. Ninachosema ni kwamba wastani mmoja wa dunia nzima unaficha pande zote mbili: unaficha nyangumi wa nundu wa Atlantiki ya kusini magharibi, waliobaki mamia machache baada ya uwindaji na sasa wanakadiriwa kuwa karibu 25,000, na unaficha nguruwe-bahari wa vaquita huko Mexico, ambao wamebaki kama kumi hivi. Wastani wa hao wawili ni upuuzi.

Na bado kuna hatari ambayo hata msomaji makini wa grafu huangukia, pale kipimo chenyewe kinapodanganya bila mtu yeyote kudanganya. Kisa kinachonirudia kila mara ni cha samaki chewa wa Newfoundland, Canada. Mwaka 1968 walivuliwa tani zipatazo 810,000. Akiba ikashuka, Canada ikatanua mipaka yake ya bahari hadi maili 200 mwaka 1977, ikafukuza meli za kigeni, na wataalamu wa serikali wakaanza kutabiri uponyaji. Moja ya namba walizozitegemea ilikuwa kiasi cha samaki ambacho meli kubwa zilipata kwa kila saa ya kuvua. Katika miaka ya 1980 namba hiyo ilipendeza. Tatizo ni kwamba chewa wanapopungua hawasambai kidogokidogo, hukusanyika pamoja. Na meli zilikuwa na vifaa bora kila mwaka vya kuwatafuta walipo. Nahodha aliendelea kujaza wavu kutoka kwenye mkusanyiko uliobaki, na grafu ikaendelea kusema bahari ni nzima. Wavuvi wadogo wa pwani walilalamika kwamba samaki wanaadimika na wanazidi kuwa wadogo, lakini malalamiko hayakuwa data. Tarehe 2 Julai 1992 uvuvi ulifungwa. Watu wapatao 30,000 walipoteza kazi. Ilipofika 2024 serikali iliufungua tena kwa kiasi cha tani 18,000. Ulinganishe na zile 810,000.

Kwa hiyo mtu akikuletea kiashiria kizuri, muulize kinapima kitu chenyewe au kinapima juhudi ya binadamu ya kukifikia. Mavuno ya nafaka kwa hekta yanapima mbolea, mbegu na maji pamoja na udongo. Udongo unaweza kuchoka chini ya mavuno yanayopanda. Maji ya bomba yanayotoka kila siku hayakuambii kina cha maji ardhini. Ustawi unaokua, ambao Simon aliutegemea, unaweza kuwa mapato halali au unaweza kuwa ni kula mtaji, na grafu ya ustawi peke yake haina uwezo wa kutofautisha. Wakati mwingine hata mafanikio mawili yanagombana: tangu 2020 meli za baharini zimelazimishwa kutumia mafuta yenye salfa isiyozidi asilimia 0.5 badala ya 3.5, na mapafu ya watu wa pwani yamepata nafuu, lakini vumbi la salfa lilikuwa likirudisha sehemu ya mwanga wa jua angani, na kuliondoa kumefunua joto lililokuwa limefichwa. Ningefanya uamuzi uleule tena bila kusita. Ila usingeliona hilo kwenye grafu moja.

Tuje kwenye misitu, swali lako la mwisho. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa linasema ukataji ulipungua kutoka hekta milioni 17.6 kwa mwaka katika miaka ya 1990 hadi milioni 10.9 katika muongo wa 2015 hadi 2025. Nadhani hiyo ndiyo grafu yako. Mwenzako pengine anatazama data za setilaiti, zinazoonyesha kwamba mwaka 2024 misitu asilia ya ukanda wa joto ilipotea hekta milioni 6.7, kiwango cha juu kuliko chochote katika miongo miwili, karibu nusu yake kwa moto. Namba hizi hazipingani. Ya kwanza inahesabu msitu uliogeuzwa kuwa shamba au makazi, kwa wastani wa miaka kumi. Ya pili inahesabu msitu wa kale uliopotea mwaka mmoja kwa sababu yoyote. Na mkitaja "upotevu halisi", ambao ni mdogo zaidi kwa kuwa unatoa msitu uliooteshwa au kuota upya, wakumbushe watoto kwamba shamba jipya la mikaratusi na msitu wenye miti ya miaka mia tatu vinahesabiwa hekta kwa hekta.

Usiitoe grafu hiyo. Weka pembeni yake ya Amazoni ya Brazil, inayotoka kwenye taasisi ya anga ya nchi hiyo, kwa sababu ile inaonyesha mkono wa mtu. Mwaka 2004 zilikatwa kilomita za mraba karibu 27,800. Serikali ikaanza kufuatilia kwa setilaiti karibu papo kwa papo, ikapeleka askari wa misitu, ikatenga hifadhi, ikawanyima mikopo waliovunja sheria, na wafanyabiashara wa soya wakakubali kutonunua kutoka mashamba mapya yaliyokatwa. Kufikia 2012 zilikuwa karibu 4,600. Wakati huo ungeweza kuvuta mstari kwa rula na kutabiri kwamba ukataji ungekwisha kabla ya 2020, na wako waliofanya hivyo. Usimamizi ukalegezwa, na 2021 zikafika zaidi ya 13,000. Ukakazwa tena, na 2024 zikarudi chini ya 6,300.

Wape wanafunzi mstari huo hadi 2012 tu, funika uliobaki, na waambie wauendeleze wao kwa penseli. Kisha funua. Yule aliyekuuliza kuna haja gani ya kusoma, mpe kazi ya kutafuta nini kilifanyika katika kila mwaka ambao mstari ulipinda, kupanda au kushuka, na nani alikifanya. Mwombe mwenzako wa biolojia awepo kipindi hicho. Na kichwa cha grafu yako ya misitu, kama bado kinasomeka "Ukataji wa misitu unapungua", kibadilishe kiwe "Ukataji wa misitu ulipungua, 1990 hadi 2025", pamoja na chanzo na maelezo ya kilichohesabiwa.